Ashashikwa?

Usiku ule sebuleni kwangu tulikuwa wanawake saba, na watoto sikuwahesabu. Tamthilia ilikuwa inafika sehemu yake ya mwisho, na jirani zangu wawili walikuwa hawana stima, wakaja kutazama kwangu. Mimi nilikuwa chini, juu ya mbuzi, nakuna nazi ya mbaazi za asubuhi. Mama yangu kalala kitandani kwake, uso kauelekeza kwenye sauti, maana macho yake siku hizi hayapati ila mwanga na kivuli.

Yule mwanamke mbaya wa tamthilia, aliyemtilia mke mwenziwe sumu kwenye chai kisha akamwibia mtoto, akatokea sokoni. Nywele timtim, nguo zimeraruka, anaokota maganda ya ndizi na kusema peke yake. Watoto wanamtupia mawe. Muziki ukapanda. Sebule nzima ikalipuka. "Alhamdulillahi!" "Kalipwa!" "Na bado!" Mimi pia nilipiga kelele, sitaficha. Niliinua mkono umejaa machicha nikasema, "Mungu si Athumani!"

Kisha nikamwona jirani yangu mmoja anainuka. Kajifunga buibui, kamshika mkono mwanawe mdogo, kaenda mlangoni kutafuta viatu. Kimoja kilikuwa kimelaliwa na viatu vya wengine, akainama kukivuta polepole. Nikamwambia, "Mbona mapema, shoga? Haijesha." Akanijibu bila kugeuka, "Nimeacha mlango wazi."

Mwanawe mkubwa, kijana wa miaka ishirini na miwili, ana ugonjwa wa akili tangu alipokuwa kidato cha tatu. Kuna siku hutoka akazunguka Usita wa Mui, ndia kuu ya hapa kwetu Lamu, akizungumza peke yake, na kuna watoto humtupia mawe. Sote mle sebuleni tulikuwa tukijua. Tuliopiga kelele na tuliopiga makofi, sote.

Asubuhi nilimpelekea mahamri kumi na bakuli la mbaazi, nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanikalisha. Akasema, "Mimi sina neno nanyi. Lakini niulize tu, mwanangu alimtilia nani sumu?"

Sikuwa na jawabu. Nimelibeba swali hilo miezi sasa, ndipo nimeamua kuandika, kwa sababu sisi watazamaji kila siku twagombana kama wabaya wa tamthilia hulipwa au hawalipwi. Wengine husema siku hizi waandishi wamelegea, mtu anaua sehemu ya tatu na sehemu ya mia mbili bado anakunywa sharubati. Wengine husema ngoja mwisho, hakuna aliyewahi kuepuka. Mimi nasema hulipwa, ndiyo, lakini kwa sarafu isiyo yake, na aliyedhulumiwa haipati hata senti.

Nianze na mama, maana yeye ndiye mtazamaji mkubwa wa nyumba hii ingawa haoni. Nilipokuwa msichana tamthilia zilikuja kutoka Meksiko zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza, na mama Kiingereza hakukisoma. Nilikuwa nikimfasiria, yeye akifuma au akichambua mchele, na mara nyingi nilimkosea kwa sababu nami nilikuwa nakisia. Leo mambo yamebadilika. Televisheni ya Citizen ilipoanza kutuletea za Kiswahili saa moja na nusu usiku, Maria mwaka 2019, kisha Zora, kisha Sultana ambayo maneno yake ni ya huku kwetu Pwani, mama aliketi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Hanihitaji tena ila pale muziki unapopigwa na hapana anayesema. Hapo huniuliza, "Wafanyani?" Na kila usiku kabla ya kulala ana swali moja: "Ashashikwa?"

Nami kila usiku nina jibu moja. Bado, mama.

Kwa nini bado, hilo nalielewa na silalamiki. Tamthilia ya siku tano kwa wiki inahitaji mtu wa kuifanya itembee, na watu wema hawaitembezi. Wema hukaa wakalia, wakasali, wakasamehe. Mbaya ndiye anayeamka asubuhi ana mpango. Yeye ni kama hamira kwenye unga wangu: ukimtoa siku ya pili, asubuhi utakuta donge limekaa vile vile ulivyoliacha. Basi ndiyo maana shahidi hupoteza simu njia nzima ya kwenda polisi, na barua huonekana halafu ikaungua, na mtu aliyesikia siri nyuma ya pazia hupata ajali kabla hajafungua kinywa. Nimezoea. Nasubiri kwa moyo mmoja.

Lawama yangu iko kwenye juma la mwisho. Waandishi wamembeba mtu mwaka mzima, na sasa wana siku tano za kumtua, basi humtupa. Lori. Moto. Ngazi. Wazimu. Mama aliwahi kuniuliza, na alikuwa hafanyi mzaha, "Huku kwetu ambako ndia zetu hazipiti gari, wabaya wangekufa na nini?" Nikafikiri sana. Huku kwetu wabaya huzeeka. Hukaa barazani na bakora zao, watu wakawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba.

Kuna tamthilia moja ya Meksiko ambayo wengi wa rika langu hawawezi kuisahau, Rubí, ya mwaka 2004. Rubí ni msichana mzuri wa sura na maskini, mwenye rafiki wa chanda na pete aitwaye Maribel, binti wa tajiri, ambaye anatembea na mguu wa bandia. Rubí anamnyang'anya Maribel mchumba. Mwisho wake ulipofika, Rubí alianguka kutoka juu, uso ukaharibika, na mguu ukakatwa. Mguu kwa mguu. Nilipoona hivyo nilidhani haki imesimama wima mbele yangu. Lakini nenda hatua moja mbele. Yule Rubí mwenye mguu mmoja hakwenda kwa mtu yeyote kusema nilikukosea. Alimchukua mtoto wa dada yake, akamfunza urembo na chuki, akamtuma kwenda kumlipizia kisasi. Mguu umekwenda, moyo uko pale pale, na Maribel hakuambiwa kitu. Nani basi aliyelipwa?

Halafu kuna jambo la wanaume, na hapa nitakaa kidogo.

Nikikumbuka wabaya wa kike wa tamthilia nilizofuata mpaka mwisho, nakumbuka wazimu, makovu, jela na makaburi. Nikikumbuka waume waliokuwa wanawasaliti wake zao, nakumbuka kilio. Mwanamume analia machozi mawili, moja kila jicho. Anapiga magoti. Anasema nilipotea, nilidanganywa, yule mwanamke alinifanyia dawa. Mke anamtazama, anamtazama, kamera inawazunguka, kisha anamwinua. Muziki huo huo wa harusi ya mwanzo unarudi. Na yule mwanamke wa pili, ambaye kosa walilifanya wawili, ndiye aliye sokoni anaokota maganda. Binti yangu alilisema hili kabla yangu, akiwa bado skuli: "Mama, mbona baba wa humu hapati kichaa?" Nilimwambia anyamaze atazame. Sasa najuta, alistahili jibu.

Na ugonjwa huu si wetu peke yetu. Binti huyo huyo, sasa yuko chuo Mombasa, alinisimulia habari ya tamthilia ya Marekani iitwayo General Hospital, iliyoanza mwaka 1963 na mpaka leo bado haijesha. Mwaka 1979 kijana mmoja wa tamthilia hiyo, Luke, alimbaka msichana, Laura. Novemba 1981 hao wawili wakaoana, na watu kama milioni 30 wakakaa mbele ya televisheni zao kuitazama harusi. Milioni 30! Walitazama kwa furaha, kama sisi tunavyotazama harusi za Jumamosi. Waandishi walikuwa wameshalipaka lile tendo rangi ya mapenzi, na watu wakaikubali rangi. Hadi mwaka 1998 ndipo hadithi ilipolirudia vizuri, mtoto wao alipojua baba yake alimfanyia nini mama yake, na baba akalazimika kumtazama mwanawe usoni. Miaka kumi na tisa baadaye. Nilipoambiwa hivyo niliweka chini mwiko. Nilichokuwa nakitafuta kwenye tamthilia zote hizi kilikuwa hicho: mtoto anauliza, na mzazi hana mlango wa kutokea.

Nitasema haki pia, wako waliojaribu kumshika mwanamume. Mjomba wangu alifanya kazi Tanga miaka mingi, na alipokuja likizo alitusimulia mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Humo mlikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, ana mke nyumbani na wanawake kila kituo, akapata UKIMWI. Mkewe Tunu hakukaa kulia tu, alisimama na biashara yake mwenyewe. Mjomba alikuwa akimsimulia Mkwaju kama mtu anayemfahamu kwa sura. Nilikipenda kile kisa kwa sababu matokeo yalitoka kwenye tendo lenyewe: mtu kafanya jambo, jambo limemrudia kwa njia ile ile aliyopita. Hakuna lori lililotoka mbinguni. Lori lilikuwa lake. Lakini hata hapo nina wasiwasi, kwa sababu ya swali la jirani yangu. Kila tunapoufanya ugonjwa uwe hakimu, kuna mtu sebuleni mgonjwa ambaye hakufanya kosa, kuna mwanamke aliyeambukizwa ndani ya ndoa yake, naye anasikia makofi.

Mama yeye hana wasiwasi. Anachokipenda tangu zamani ni kipindi cha Vioja Mahakamani cha televisheni ya KBC. Ni vichekesho, najua, na watu wake huzungumza Kiswahili cha kila kabila, mama akacheka mpaka akashika ubavu. Ila nimegundua kwa nini anakipenda. Mle mtu husimama kizimbani. Anaulizwa. Anajaribu kupinda, anaulizwa tena. Aliyelalamika yupo palepale anamsikia, na kabla kipindi hakijesha kuna neno la hakimu. Hata kosa la kuku lina majibu. Tamthilia kubwa, zenye nyumba za ghorofa na magari, mtu huua ndugu yake akafa yeye mwenyewe kwa ajali, na kesi haikusikizwa!

Sasa niseme langu, ndipo mtaelewa kwa nini nasema kwa uchungu.

Tulikuwa wanawake ishirini tunaocheza mchezo wa pesa. Kila Ijumaa mia tano kila mmoja, ziwekwe zote, zigawanywe kabla ya Ramadhani. Wiki arubaini. Fungu langu lilikuwa shilingi elfu ishirini, na nilikuwa nimeshazipangia: jiko la gesi la macho mawili na karai kubwa, niache kuni, kifua changu kipumzike moshi. Mwenzetu mmoja ndiye aliyeshika pesa, kwa sababu alikuwa mwaminifu na mwandiko wake mzuri. Wiki ya mgao akasema ameibiwa. Akalia mbele yetu. Tukamlilia sisi pia, wengine wakampelekea chakula. Baadaye habari zikatoka moja moja, kama siafu chini ya mlango: hakukuwa na mwizi.

Alikwenda bara miezi mitano, akarudi. Na nilikuwa nangoja, wallahi nilikuwa nangoja kama mtazamaji. Nilikuwa naamka naye na kulala naye. Nikisikia mashua imezama nauliza nani alikuwamo. Siku moja nikasikia mwanawe ana homa kali, na moyo wangu ukaruka, nikajisikia ukiruka, na nilikuwa ndani ya swala. Nilimaliza nikakaa juu ya mkeka nikaogopa. Mtoto wa miaka sita! Tamthilia zilikuwa zimenifunza kungojea hivyo, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Hakikumpata kitu. Mtoto alipona. Yeye akawa anapita mlangoni kwangu asubuhi, "Sabalkheri," namwitikia kwa meno.

Alikuja baada ya mwaka na miezi. Ilikuwa baada ya Magharibi, nimeshaukanda unga wa mahamri, nimeufunika kwa kitambaa, nauosha mwiko. Akabisha hodi, akaingia, hakutaka kukaa. Alikuwa amejifunga leso mbili, na pembe ya moja ina fundo. Akaanza kulifungua lile fundo na vidole vilikuwa vinamkataa, akatumia meno. Ndani mlikuwa na noti tatu za elfu. Akaziweka juu ya meza, akazinyoosha moja moja kwa kiganja, kama mtu anayepiga pasi. Kisha akasema, "Pesa zenu nilizila mimi. Sikuibiwa. Nilizila, na nikawaacha mnililie."

Televisheni ilikuwa inaendelea, kuna mtu anampigia mwenziwe kelele. Mama akasema kutoka kitandani, "Hebu punguza sauti." Katika maisha yake yote hajapata kuniambia nipunguze.

Sikumkumbatia. Hakukupigwa muziki. Nilimuuliza maswali, na yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa ya ukali. Kwa nini. Zilikwenda wapi. Ulikula chakula changu ukijua? Akayajibu yote kwa kusimama, na pale alipokuwa hana jibu alisema sina jibu. Ilichukua labda nusu saa. Alipoondoka nilikuwa nimechoka kama niliyebeba madumu kutoka kisimani, lakini ile hali ya kungojea homa za watoto wa watu ilikuwa imenitoka, na haijarudi. Alikwenda kwa kila mmoja wetu kumi na tisa namna hiyo hiyo. Wawili hawakumfungulia mlango, na hiyo ni haki yao. Mimi bado ananidai, kunradhi, mimi bado namdai elfu kumi na moja. Huleta elfu, huleta mia tano, kuna mwezi haleti kitu. Karai nimenunua, jiko bado.

Basi ninyi mnaoandika tamthilia, ambao mwatuingia majumbani kila usiku na mama zetu wawangojea: mie nataka ile nusu saa. Chukueni ajali za juma la mwisho mzitupe, mtupe sehemu moja nzima ya mwanamke mbaya ameketi mbele ya mke mwenziwe, hana kichaa, hana kovu, akili zake timamu, anaulizwa. Mnyime machozi kama anayatumia kujificha. Mtupe mume naye, aulizwe na watoto wake na asipewe kisingizio cha dawa. Akikataa kujibu, tuone anavyokataa, na tuwaone wanaomkatia salamu. Hiyo mwaweza kuipiga picha ndani ya chumba kimoja, kwa meza moja na viti viwili, haihitaji lori. Na kama lazima mtu augue, basi augue kama watu wanavyougua, bila ya kuwa amefanya kitu, na kuwe na mtu wa kumwosha na kumlisha.

Jirani yangu bado haji kutazama. Mimi ndiye ninayekwenda kwake, Alasiri, nikakaa naye na kijana wake kama yuko ndani. Ana mikono mizuri ya kusuka, yule kijana. Kanitengenezea kipepeo cha ukili ambacho ndicho ninachopepelea kuni hadi sasa.

Tamthilia mpya imeanza wiki mbili zilizopita. Kuna baba mdogo ameghushi saini ya marehemu kakake, anataka shamba la minazi, na mayatima hawajui. Mama ameshamchukia hata sauti. Jana usiku, taa nimeshazima, nikamsikia gizani.

"Ashashikwa?"

"Bado, mama."